Kipimo cha Moteri na Kesi ya Nahodha

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani au safarini siku ile, na kwa ajili ya wafadhili wetu.)



Komite ilituomba sisi wa timu ya uwanja tueleze kile kidude cheusi kilichofungwa juu ya moteri ya pirogi ya chama. Watu wanauliza kama ni kamera, wengine wanasema ni kitu cha kumfuata nahodha. Tutaeleza namna kinavyofungwa, namna kinavyoharibika, na namna kilivyotufanya tumhukumu mtu bure. Hili la mwisho hatukuombwa kulisema. Lakini yule mtu ameketi pale nyuma karibu na dirisha, na kesi yake ilisemwa hapa hapa mbele ya wote.

Kwanza tusikilizane juu ya majina. Nusu ya mkutano huu ilikulia Nyarugusu na Lugufu, ng'ambo kule Tanzania, kwa hiyo inasema injini, petroli na plagi. Nusu nyingine ilibaki huku, nayo inasema moteri, esansi na buji. Juzi fundi aliomba plagi, kijana akamletea kichwa cha waya wa redio. Leo tutasema moteri, esansi na buji. Waliotoka ng'ambo watusamehe.

Mnakumbuka mambo ya moteri mara ya kwanza. Ilikamata katikati ya maji, upande wa Ubwari, watu 17 ndani pamoja na mzigo wa mihogo. Toka saa kumi na moja ya jioni mpaka saa nane ya usiku walikuwa wanasukumwa na mawimbi, paka wavuvi wa ndagala walipowaona kwa taa zao. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini pistoni zote mbili zilikuwa zimeliwa na moto, na chama kikaingia deni. Fundi alisema neno moja: joto. Joto lilitoka wapi? Hapo kila mutu alikuwa na jibu lake. Oili ilikuwa kidogo. Esansi ilikuwa na maji. Nahodha anakimbiza. Jibu hili la tatu ndilo lililopendwa zaidi, kwa sababu nahodha ni mmoja na sisi tuko wengi.

Wafadhili waliposaidia nusu ya ukarabati, waliomba kitu kimoja: saa za moteri ziandikwe. Ni ombi la haki. Njo maana tukanunua kipimo hiki, kinachoitwa takometa, chenye kuhesabu mizunguko na saa pamoja.

Hakigusi kitu ndani ya moteri. Kina waya mwembamba unaozungushwa juu ya ule waya mnene wa buji. Kila mara umeme unapopita kwenda kuwasha esansi, waya mwembamba unasikia, kama mtu anayesikia maneno ya jirani kupitia ukuta. Kipimo kinahesabu mapigo hayo na kuonyesha mizunguko kwa dakika. Kinahesabu saa ambazo moteri imefanya kazi. Tena kinaweka akiba ya namba ya juu kabisa iliyofikiwa, hata moteri ikisha kuzimwa. Kidude cha namna hii kinafungwa kwenye misumeno ya kukatia miti, kwenye pikipiki za mashindano, hata kwenye zile moteri ambazo watu wa Ulaya wanabeba mgongoni na kuruka nazo chini ya parashuti. Mzee mmoja alituuliza kama tunamtania. Hapana, Mzee, wanaruka kweli, elisi ikizunguka nyuma ya mgongo. Mara nyingi moteri yao ni ya mipigo miwili kama yetu, na wao pia wanaogopa kitu kimoja: izimike fasi ambayo huwezi kushuka ukatembea kwa miguu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa kama mikono haina haraka. Moteri izimwe, ipoe, kifuniko kitolewe. Tulizungusha waya mwekundu mara tano juu ya waya wa buji ya juu, mizunguko ikibanana, mbali kidogo na kichwa cha buji ambako joto liko mingi. Tukaufunga kwa kamba za plastiki pande mbili, bila kukaza mpaka ganda likatike. Waya mweusi tukaushikisha kwenye skrubu ya mwili wa moteri, lakini kwanza tulikwangua rangi, kwa sababu umeme haupiti kwenye rangi. Waya uliobaki tuliukata. Usiuviringishe ukauacha pale kama kamba ya mbuzi: mviringo ule nao unasikia umeme wa waya wa jirani, na namba zinaanza kucheza.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupitisha waya chini ya ukingo wa kifuniko. Ulionekana umekaa vizuri. Siku mbili baadaye kipimo kikaonyesha sufuri, na tulipofungua tukakuta kifuniko kimeubana, ganda limekatika, shaba inagusa chuma. Sasa unapita kwenye tundu lenye mpira. Wenye kufunga cha kwenu, anzeni na tundu lenye mpira, msianze kama sisi.

Kosa la pili ndilo lililokuwa kubwa.

Ndani ya kipimo kuna mpangilio mmoja wenye uzito: umeme unapiga mara ngapi katika kila mzunguko mmoja wa moteri. Karatasi iliyokuja nacho ilikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa. Tulisoma kwamba moteri ya mipigo miwili inawekwa 1. Tukaweka 1. Tukarudi ofisini tukiwa tumefurahi.

Wiki ile kipimo kiliweka akiba ya 7800. Kitabu cha moteri yetu kinasema kwamba ikifunguliwa mpaka mwisho, pirogi ikiwa imebeba, iwe kati ya 4500 na 5500. Sisi ndio tulioileta namba hiyo mezani. Tuliiandika kwenye rapoti kwa wino mwekundu, na mmoja wetu, aliyesoma chuo kikuu kama anavyopenda kukumbusha, akasema: namba haina ndugu. Mnajua kilichofuata. Nahodha alisimamishwa wiki tatu, na mtu mmoja, hatutasema nani, alipendekeza alipishwe pistoni za mara ya kwanza.

Siku ya kikao alisema maneno machache tu. "Animatere, mimi niko mu kazi hii toka utoto. Moteri ikifika huko, hata watu wa sokoni wangeisikia." Hatukumjibu. Tulikuwa na namba.

Wiki ya tatu alikuja ofisini. Hakuja kuomba kazi. Alikuja na ulizo: moteri ikiwa ralanti, imefungwa pale bandarini, kipimo kinasema ngapi? Tukashuka naye. Kilisema 1900. Akacheka kidogo. "Ralanti ya 1900 iko namna gani? Nikitia gia hapo, pirogi itaruka na kuvunja za wenzetu zote." Na kweli, ralanti ya moteri kama yetu iko karibu 900 au 1000. Masikio yetu yalikuwa yanasikia moteri inapiga polepole, tuku, tuku, tuku, na macho yetu yalikuwa yanasoma 1900. Tulikuwa tumeiona namba ile mara nyingi. Hakuna aliyeiuliza, kwa sababu wote tulikuwa tunaangalia ile 7800.

Basi tukakifungua na kukifunga kwenye jenereta ndogo ya ofisi, ile ya esansi. Jenereta ni shahidi mzuri. Ya aina yetu, ikizunguka mara 3000 kwa dakika, inatoa umeme wa herizi 50, yaani kila herizi moja ni mizunguko 60. Multimeta ya fundi ina fasi ya kupima herizi. Ilisoma 51. Kipimo kilisoma 3060. Piga hesabu mwenyewe: 51 mara 60. Kipimo kilikuwa kizima.

Tusimame hapa kidogo, juu ya wenye jenereta na pikipiki. Jenereta ile ni ya mipigo minne, na darasani tulifundishwa kwamba moteri ya mipigo minne inachoma esansi mara moja katika mizunguko miwili. Kuchoma, ndiyo. Lakini sumaku iko kwenye gurudumu la moteri, inapita mbele ya bobini kila mzunguko, na umeme unapiga kila mzunguko. Pigo moja linachoma, lingine linapotea bure ndani ya moshi. Kwa hiyo jenereta ndogo za aina hii unaziweka 1, na pikipiki nyingi za silinda moja ni vile vile. Kinu chetu cha mazuti, kwa upande wake, hakina buji hata moja. Kipimo cha namna hii hakitasikia kitu pale. Mama wa kinu walikuwa wameshatuagiza. Watuvumilie, tutatafuta cha aina nyingine.

Tukarudi kwenye pirogi, tukaondoa kifuniko na kufuata waya kwa kidole. Moteri yetu ina silinda mbili lakini bobini ni moja, na inatoa waya mbili. Pistoni zinapokezana, moja juu, moja chini. Bobini inapopiga kwa ajili ya silinda ya juu, buji zote mbili zinapata umeme. Inapopiga kwa ajili ya ya chini, tena zote mbili. Kwa hiyo kila waya wa buji unapitisha umeme mara mbili katika mzunguko mmoja. Mpangilio wetu ulipaswa kuwa 2. Tulikuwa tunasoma kila kitu mara mbili yake: ralanti ya 950 tukaiita 1900. Na 7800 ya nahodha ilikuwa 3900.

Hapo tulidhani kesi imekwisha, paka fundi alipouliza: 3900 na imefunguliwa mpaka mwisho? Mbona haifiki 4500?

Kumbe shida haikuwa moteri kukimbia sana. Ilikuwa inashindwa kukimbia. Moteri iliyofunguliwa mpaka mwisho na haipandi ni kama mama aliyebebeshwa mzigo wa watu wawili mlimani: haendi haraka, lakini mwili unawaka. Esansi inaingia yote na joto linatengenezwa lote. Lakini pampu ya maji ya kupoza inazungushwa na moteri ile ile, na ikizunguka polepole inaleta maji kidogo. Fundi anaona kwamba hata mara ya kwanza pistoni ziliunguzwa namna hiyo, na sisi hatuna la kumpinga.

Nani alipakia? Tufungue daftari la komite. Tulianza na gunia 20. Esansi ilipopanda bei, kikao kiliamua gunia 32, pamoja na watu. Hiyo ilikuwa kabla ya ile safari ya Ubwari. Nahodha alisema siku ile kwamba pirogi imekaa chini mno, na maneno yake yako kwenye daftari, mstari mmoja. Sisi wa timu ya uwanja tulikuwa katika kikao kile. Hatukusema kitu. Tulikuwa tunafikiri juu ya kesi ya chama, kwamba lazima ijae.

Tukajaribu mbele ya mashahidi. Kwa gunia 32, ikifunguliwa mpaka mwisho: 3900. Kwa gunia 22: 4200. Kisha tukabadilisha elisi, ile panga ya chini ya maji. Iliyokuwepo ilikuwa ya hatua ya inchi 13, nzuri kwa mtumbwi mwepesi unaokimbia, mbaya kwa wabeba mihogo. Kwa kawaida kila inchi unayopunguza inaongeza karibu mizunguko 150 mpaka 200. Tulipata ya inchi 11, ya mtumba, ukingo wake ukiwa na jino moja lililonyooshwa kwa nyundo. Ikatupa 4550. Iko ndani ya kitabu, mlangoni tu, lakini ndani.

Sasa juu ya kuharibika kwa kipimo chenyewe, maana kitaharibika na sisi hatutakuwa karibu siku zote. Tumejifunza kuanza na sikio. Namba ikiruka na moteri inalia sawasawa, mgonjwa ni kipimo: tazama waya, tazama ile mizunguko mitano. Ikiwa mingi mno au imekaribia waya wa pili, kipimo kinasikia kupita kiasi na namba inapanda ghafla. Ikiwa michache au imelegea, namba inaanguka mpaka sufuri wakati wa ralanti. Punguza mmoja, ongeza mmoja, jaribu tena. Lakini namba ikiruka na moteri nayo inakohoa, usiguse kipimo, kinasema kweli. Tafuta buji chafu, kichwa cha buji kilicholegea, au waya mnene uliopasuka. Ukiufungua usiku na moteri inazunguka, utaona cheche za buluu zinatoka kwenye ufa. Uangalie kwa macho tu, usiuguse! Kijana wetu mmoja aligusa, na kwa siku mbili alikula kwa mkono wa kushoto.

Kuna jambo la buji lenyewe pia. Buji zisizo na kizuizi ndani zinatoa kelele ya umeme inayosumbua vipimo. Kwa kampuni nyingi, yenye kizuizi ina herufi R katika jina lake. Sokoni mtauziwa isiyo na R kwa maneno kwamba ni kitu kile kile. Kwa moteri inaweza kwenda. Kwa kipimo hapana. Na chagueni ile ambayo kitabu cha moteri kinaikubali, msibadilishe namba ya joto kwa sababu ya kutafuta R.

Upande wa saa, kipimo hakikutudanganya hata siku moja, kwa sababu saa hazijali kama umeweka 1 au 2. Kinahesabu tu kwamba umeme unapita. Hapo tulipata faida ambayo hatukuitafuta. Mnajua ugomvi wa esansi: safari ni moja, lakini kwenda nahodha anasema lita 62, kurudi anasema 45. Watu walisema lita 17 zimelala kwa mke wake. Tulipotazama saa za kiangazi, wakati upepo wa kusini unapiga, kwenda kusini kulichukua saa 5.6 na kurudi saa 4.1. Gawanya. Kwenda ni lita 11 kwa saa. Kurudi ni lita 11 kwa saa. Zile lita 17 zilikunywewa na upepo. Mke wa nahodha hakuwa kwenye mkutano tuliposema hivi, kwa hiyo Mama Prezida alikwenda nyumbani kwake siku iliyofuata, akamwambia mwenyewe. Kwa saa hizo hizo tunajua sasa siku ya kubadilisha oili ya gia, kila saa 100, bila kubahatisha.

Wafadhili wetu, neno dogo kwenu. Fomu mliyotuletea ina safu ya "mizunguko ya juu" na pembeni yake safu ya "jina la nahodha". Haina safu ya "gunia". Tunaomba muongeze. Na mkituma vipimo vingine, tafadhali karatasi ya maelezo iwe ya Kifaransa au Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa miaka arobaini anaweza kuzisoma kwenye mwanga wa taa.

Kwa nahodha wetu, tulikwisha kuomba msamaha nyumbani kwake, na leo tunaomba tena hapa, kwa sababu kosa tulilifanya hapa. Rapoti ya wino mwekundu tumeifuta kwa rapoti nyingine, na nakala imetumwa kule ilikotumwa ya kwanza. Zile wiki tatu chama kimemlipa.

Alikubali kurudi kwa masharti mawili. La kwanza, mstari wa rangi nyeupe upigwe pembeni mwa pirogi, na maji yakiufikia, kupakia kunasimama, hata mwenye gunia akiwa ni nani. La pili, kabla ya kila safari yeye mwenyewe asome kipimo kwa sauti, mbele ya abiria, na karani aandike. Mstari ulipigwa Jumatatu. Alhamisi mama mmoja alikuja na gunia mbili, maji yakiwa yameshafika, akasema mstari haujui kwamba mtoto wake anasubiri makuta ya shule. Kelele ilidumu saa nzima. Pirogi iliondoka bila gunia zile, na zilikwenda Jumamosi.

Kesho asubuhi, saa mbili, fundi atakuwa bandarini na vipimo viwili vilivyobaki, kwa pirogi ya wavuvi na jenereta ya dispansere. Anayetaka kujifunza kufunga aje na kisu kidogo na kitambaa kikavu. Na buji yenye R, kama anayo.